Kujitayarisha Kwenda Unguja



Wengine wenu mna nia ya kupumzika Unguja mjini baada ya mavuno. Ni nia njema, lakini safari njema hutengenezwa nyumbani.

Kwanza, baba atenge nauli ya kwenda na ya kurudi kabla ya kufikiria halua. Ada ya shule isiguswe.

Pili, epukeni masika, Machi hadi Mei. Na chombo kikijaza watu kupita kadiri, shukeni, hata kama mmekwisha kulipa. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, imejaza mno, wakafa wakubwa kwa watoto. Nauli hupatikana tena, mtoto hapatikani.

Tatu, mji ule ni wa Waislamu, nanyi ni wageni. Vaeni nguo za heshima, na mwezi wa Ramadhani msile barabarani mchana. Hauna haraka: vichochoro ni vyembamba, na watu hukaa barazani wakizungumza. Salimieni kwanza, ndipo muulize njia.

Dominika nendeni Misa katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Minara Miwili. Kisha wapelekeni watoto Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana, palipokuwa soko la watumwa hata likafungwa 1873. Msipite mbio. Waambieni kwamba waliouzwa pale walitoka katika vijiji kama vyetu, nao walikuwa na baba na mama. Hapo semeni Baba Yetu kwa ajili yao.

Mungu awalinde njiani.