AFYA NA NYUMBA: Uso Uliopooza Wataka Subira

Mtu huamka asubuhi, hunawa uso, na maji ya kusukutua humtoka upande mmoja wa mdomo. Akijitazama katika kioo huona shavu limelegea, jicho moja halifumbi, na mdomo umevutwa upande. Mwingine hupatwa na hayo baada ya ajali ya barabarani, pigo la rungu, jeraha la kisu au la risasi. Majirani husema amepigwa kofi na jini, au ameingiwa na upepo mbaya, na siku za kwanza, ambazo ndizo zenye thamani kuliko zote, hupotea katika kutafuta mganga.

Kilichoumia ni mshipa wa fahamu wa uso. Kila upande wa uso unao mmoja. Hutoka katika fuvu chini ya sikio, hupita ndani ya tezi la mate lililo mbele ya sikio, kisha hugawanyika matawi matano makubwa mfano wa vidole vya mkono: la paji, la jicho, la shavu, la taya na la shingo. Mganga mpasuaji wa Scotland, Charles Bell, ambaye mwaka 1815 alikwenda Brussels kuwahudumia majeruhi wa vita vya Waterloo, ndiye aliyeeleza kazi ya mshipa huo mwaka 1821. Kwa hiyo uso unaopooza ghafla bila sababu inayoonekana huitwa hadi leo ugonjwa wa Bell.

Jambo la kwanza ni kwenda hospitali siku ile ile. Ikiwa mdomo umepinda lakini paji la uso lakunjika pande zote mbili, au mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, huenda hicho ni kiharusi, wala hakingoji hata saa moja. Daktari atachunguza pia maradhi ya sikio, mkanda wa jeshi, kisukari, ukoma na virusi vya UKIMWI, kwa kuwa yote hayo yaweza kuudhuru mshipa huu. Ikiwa ni ugonjwa wa Bell, dawa ya prednisoloni hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Katika uchunguzi uliofanywa Scotland na kutangazwa mwaka 2007, wagonjwa 94 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo walikuwa wamepona kabisa baada ya miezi 9. Kati ya wasiopewa walikuwa 82. Dawa hiyo hupandisha sukari mwilini, hivyo mwenye kisukari asiinunue dukani kwa kukisia. Na mshipa uliokatwa na kisu au chuma wataka mpasuaji wa kuuunga mapema, au kuupachika kipande cha mshipa mwingine, kwa mfano ule wa nyuma ya mguu.

Baada ya hapo mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo ndipo kazi ndefu inapoanzia.

Jicho litangulie mambo yote. Jicho lisilofumba hukauka, kioo chake huchubuka, kidonda huingia, na mtu aweza kupofuka kwa ugonjwa ambao wenyewe haukugusa jicho. Mchana atiwe matone ya kulainisha jicho mara nyingi kama alivyoagizwa, na avae miwani ya kuzuia vumbi na upepo. Usiku atiwe marhamu ya macho, kisha kope ishushwe taratibu na kushikizwa kwa plasta laini. Mke au mume ahakikishe kwamba kope imefunga kweli chini ya plasta, kwa maana plasta inayogusa jicho lililo wazi hudhuru. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, arudi hospitali mara moja. Askari amweleze mkuu wake wa kikosi hali hiyo, ili asipangiwe kazi ya vumbi wakati jicho halina mlinzi.

Pili, jamaa wajue mwendo wa mshipa. Uzi wa fahamu uliokatika hukua kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo ni kama sentimita 10. Basi mshipa ulioungwa huchukua zaidi ya miezi mitatu kufika tu, na misuli nayo huchukua muda kuamka. Miezi sita ya kimya baada ya kuungwa si dalili kwamba kazi imeharibika. Ugonjwa wa Bell huwa mwepesi zaidi, na wagonjwa walio wengi huanza kuona nafuu katika majuma matatu ya mwanzo. Lakini ikipita miezi mitatu pasipo dalili yoyote ya kurudi, daktari autazame upya uso huo, kwani huenda kuna sababu nyingine iliyojificha.

Tatu, mazoezi yawe ya upole. Wengi hukosea hapa. Mgonjwa hukaza uso kwa nguvu zote, hupuliza maputo na hutafuna ubani kutwa, akidhani uso hufunzwa kama miguu ya kuruta kwenye gwaride. Sivyo. Wakati misuli ingali imelegea kabisa, yatosha kulikanda shavu taratibu kwa vidole. Mwendo ukianza kurudi, aketi mbele ya kioo mahali patulivu, dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku: ainue nyusi kidogo, afumbe jicho polepole, atabasamu bila kuonyesha meno, akusanye midomo kama anayetaka kupiga mluzi. Pande zote mbili ziende sawa. Upande mzima ukianza kuuburuta ule mgonjwa, apunguze nguvu.

Sababu ya upole huo ni hii. Nyuzi zinapoota upya, nyingine hupotea njia: uzi uliokuwa wa mdomo huingia kwenye jicho. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa akitabasamu jicho hujifumba, au akila machozi humtoka. Kukaza uso kwa nguvu huizoesha misuli kosa hilo. Mtaalamu wa tiba ya viungo aweza kumfunza kuitenganisha miendo hiyo hata baada ya miaka, na katika hospitali kubwa ziko sindano za botulini za kutuliza misuli iliyokaza. Kwa uso usiorudi kabisa, wapasuaji huweza kuweka uzito mdogo wa dhahabu katika kope ili ifumbe, au kuhamisha msuli kutoka pajani ili urudishe tabasamu.

Mwisho ni heshima ya nyumbani. Mwenye uso uliopooza hukwepa karamu, hula peke yake, hukataa kupigwa picha. Watu humdhania amekasirika au anadharau, kumbe uso wake hautii moyo wake. Watoto waelezwe, wasimwigize. Akila, apewe nafasi na kitambaa bila kutazamwa sana. Jean Chrétien wa Kanada alipatwa na ugonjwa wa Bell angali kijana, na mdomo wake ukabaki umevutwa upande. Katika uchaguzi wa mwaka 1993 chama kilichokuwa kikitawala kilitoa tangazo la televisheni lililoonyesha uso wake kwa namna ambayo wananchi wengi waliiona kuwa dhihaka. Walikasirika hata tangazo likaondolewa. Chrétien alishinda, akawa Waziri Mkuu hadi mwaka 2003.

Basi haraka iwe ya kwenda hospitali, na subira iwe ya nyumbani. Jicho lilindwe kila usiku, mazoezi yafanywe kwa upole kila siku, na mgonjwa asiachwe ale peke yake.