Bafu la mamilioni, umeme wa kuchezea roho: huyu staa kachemka!

Klipu inayosumbua mjini Dar wiki hii ni ya staa mmoja wa kike wa filamu za Bongo akionesha bafu lake jipya. Marumaru zinang'aa, kioo ukuta mzima, shawa ya maji moto ya kisasa. Mashabiki wakamwaga makopakopa ya kutosha. Ila mwishoni kamera ikageukia kwenye meinswichi, fundi akasikika akijisifu kwamba laini ya shawa kaipitisha pembeni ya RCD, "maana ilikuwa inakatakata dada, sasa haikusumbui tena." Staa akacheka, wakagonga tano.

Cha kuchekesha hapo ni kipi?

RCD ni kile kifaa chenye kitufe cha T ndani ya meinswichi. Kinapima umeme unaoenda na unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake kuna unaovuja, pengine kupitia mwili wa mtu. Za majumbani hukata kwenye uvujaji wa miliampia 30, tena ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Ndiyo maana mtu anarushwa kidogo halafu anabaki kusimulia.

Wapo mashabiki wanaomtetea kwamba "si kuna breka?" Breka ipo, ila kazi yake ni nyingine. Shawa ya wati 5,000 inakula kama ampia 22, hivyo inafungiwa breka ya ampia 32. Hiyo inalinda waya usiungue. Umeme unaotosha kusimamisha moyo wa mtu ni mdogo mno, breka wala haitajua kama kuna kitu kimetokea.

Wengine wanasema "ethi ipo." Sawa, ila nyumba nyingi zinategemea fito iliyochimbiwa uani, na kiangazi udongo ukikauka haipitishi umeme vizuri. Chukulia ukinzani wake ni omu 20. Kwa umeme wa volti 230, unaopita hapo ni ampia 11.5 tu. Breka ya 32 haishtuki, na shawa inaendelea kuwa na umeme huku mtu yuko chini yake, kalowa, miguu peku sakafuni.

Na lile la "inakatakata" ndilo lilitakiwa kumshtua. RCD ikikata kila shawa ikiwashwa, mara nyingi inasema kuna mahali panavuja. Kuizunguka ni kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku wakati mwizi kweli yumo ndani.

Kama kero ni nyumba nzima kuzimika na friji kulala, dawa ipo: laini ya shawa ifungiwe breka yake yenye RCD humohumo. Ikivuja, inakata bafu peke yake. Aliyeweza kununua marumaru zile hashindwi hicho kifaa.

Fundi naye asijifiche nyuma ya "mteja kataka." Fundi anayejielewa anakagua shawa, anapima ethi, na mteja aking'ang'ania anakunja waya zake anaondoka. EWURA inatoa leseni za mafundi umeme. Kuomba kuiona kabla kazi haijaanza siyo dharau.

Kinachouma zaidi ni kwamba bafu lile haogi staa peke yake. Kuna watoto, kuna wageni, kuna dada wa kazi anayesafisha sakafu na maji kila asubuhi. Hao hawakuulizwa. Na mashabiki waliomwona akicheka, kesho watamwambia fundi wao "nifanyie kama ya yule."

Ushauri wa bure kwa staa: arudishe fundi, tena mwenye leseni, laini iwekewe ulinzi, halafu arekodi klipu nyingine akibonyeza kile kitufe cha T hadi umeme ukate. Hiyo ndiyo ya kupigiwa makofi.

Wadau, kwenu kitufe cha T kilibonyezwa lini mara ya mwisho? Tiririka hapo chini.