Picha ya Mtoto wa Mwenzio

Mwezi huu tunaomba tuache kidogo habari za jikoni na za kliniki, twende kiwanjani. Tunajua wapo watakaouliza, akina mama wa kanisa na mpira wapi na wapi? Tuvumilieni. Safari hii inaanzia mbali, lakini inaishia nyumbani kwako.

Jambo lenyewe lilianza na barafu. Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa kanisa letu hapa Ubungo alituonyesha kwenye simu picha za vijana wa Kiafrika wakicheza mpira wa magongo juu ya barafu. Hii siyo barafu ya kugandishwa kwenye vikopo na kuuziwa watoto, wala ile ya kuhifadhia samaki. Ni sakafu nzima ya barafu, na vijana wamevaa viatu vyenye visu chini wakiteleza kama ndege. Mama mmoja akasema, "Hiyo ni Ulaya, msitudanganye." Kijana akacheka. "Hapana mama, hapo ni Nairobi, Barabara ya Mombasa."

Simba wa barafuni

Ni kweli tupu. Hoteli ya Panari jijini Nairobi ilifungua kiwanja cha barafu mwaka 2005, na hapo ikazaliwa timu iitwayo Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo kuliko vile vya kimataifa, na kwa muda mrefu vijana hao walicheza wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa timu ya kupambana nayo. Mwaka 2018 kampuni ya migahawa ya Canada iitwayo Tim Hortons iliwachukua wachezaji 12 hadi Canada, ikawapa vifaa kamili, nao wakacheza na timu nyingine. Siku hiyo waliongezewa nguvu na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wenye majina makubwa kabisa katika mchezo huo. Safari ile ilipigwa filamu na watu wa nchi nyingi wakaiona. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Tulirudi nyumbani tukiyafikiri hayo. Kama kijana yule angetuambia kwa mdomo tu, nani kati yetu angeamini? Picha ndiyo iliyotufanya tuamini. Aliyesimama pembeni ya barafu, vidole vikimganda, akawapiga wenzake picha, naye aliifanyia timu kazi ingawa hakushika gongo.

Ndipo tukajiuliza: na mabinti wetu je?

Timu ya mtaani

Hapa mtaani tunayo timu ya netiboli. Mabinti ni wa kati ya miaka 13 na 17, na wanafanya mazoezi jioni katika kiwanja cha shule. Kiwanja ni vumbi, pete moja imepinda, na jezi zilikuwa zimefuliwa hadi namba zikafutika. Wavulana wakicheza kandanda mtaa mzima husimama kutazama. Mabinti wakicheza, watazamaji ni mbuzi wawili na muuza karanga. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na picha yake akiwa na mpira mkononi.

Basi sisi akina mama watano tukajitolea kuwa wapiga picha wa timu. Kamera hatukuwa nayo, tulikuwa na simu zetu. Tulijifunza kwa kukosea, na tuliyojifunza tunawagawia, kwani hata wewe unaweza kuifanya kazi hii kwa timu ya mtaa wako au kwaya ya watoto.

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kisafi. Simu zetu sisi akina mama hukaa pamoja na unga na mafuta ya kupikia, halafu tunashangaa picha zina ukungu. Pili, jua liwe nyuma yako wewe unayepiga. Jua kali la saa 7 mchana hutia vivuli vyeusi machoni, bali lile la saa 11 jioni ni laini, na ngozi zetu hung'aa ndani yake. Kama uso umetoka mweusi mno, gusa uso huo kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, na simu nyingi zitaongeza mwanga zenyewe. Tatu, usivute picha kwa vidole ukiwa mbali, sogea wewe kwa miguu yako, ila usiingie kiwanjani. Nne, piga magoti. Binti anayeruka kuelekea pete, akipigwa picha kutoka chini, huonekana mrefu kama mnazi.

Jambo la tano ni kuujua mchezo. Katika netiboli wachezaji ni saba kila upande, pete iko juu mita 3.05, na mwenye mpira haruhusiwi kukaa nao zaidi ya sekunde 3, wala kukimbia nao. Ukishayajua hayo, huhangaiki kuufukuza mpira. Unamtazama aliyeudaka, unahesabu moja, mbili, kisha unabonyeza. Nasi tukajizoeza kuwapiga picha wale wasiotazamwa: aliyekaa benchi, mwenye kubeba ndoo ya maji, mwalimu akifunga kifundo cha mguu kwa kitambaa. Yule mchungaji wa kondoo mia alimkumbuka mmoja. Mpiga picha naye awakumbuke wa pembeni.

Matunda yakaonekana. Tulisafisha picha 12 studio, tukazibandika kwenye ubao nje ya kanisa. Jumapili ile baba mmoja alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Huyu ni mwanangu?" Alikuwa hajawahi kumwona akicheza. Wiki iliyofuata alikuja kiwanjani. Mwenye duka mmoja naye alipoziona zile jezi pichani, akanunua mipya saba na mipira miwili. Tulijiona tumefanya kazi ya Mungu, nasi tukavimba vichwa.

Kosa letu

Wapendwa, sasa tunafika mahali ambapo tungependa kuparuka. Lakini tukiparuka, haya mengine hayana faida.

Katika mechi moja na timu ya mtaa wa jirani tulipiga picha zaidi ya 100. Usiku ule mmoja wetu alizituma kadhaa katika kundi letu la akina mama kwenye simu, na sote tukazishangilia. Kati yake ilikuwamo picha ya mfungaji wetu akiwa ameanguka, sketi imepanda, mdomo wazi. Tuliicheka kama mama anavyomcheka mwanawe aliyejipaka uji usoni. Hatukuona ubaya. Mmoja akaituma kwa dada yake, dada akaituma kwa mwanawe, na maji yaliyomwagika hayazoleki. Siku ya tatu picha ilifika shuleni kwao ikiwa imeandikwa maneno ambayo hatuwezi kuyarudia katika gazeti hili. Binti akaacha kuja mazoezini. Kisha tukasikia ameanza kusingizia tumbo ili asiende shule.

Tulikwenda kwao jioni, sisi watano pamoja na mama mmoja mzee wa kanisa. Mama yake anauza vitumbua, akatukaribisha kwenye mkeka kwa heshima zote. Alimwamkia mama mzee, "Shikamoo mama," akatupa maji ya kunywa. Tukaeleza, tukaomba radhi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Dada zangu, mimi sina ugomvi nanyi. Nyie ni watu wa Mungu. Ila siku mlipompiga mwanangu picha, nani aliniuliza mimi? Na yeye, nani alimwuliza?"

Hatukuwa na jibu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini, "Siku ile nilifunga magoli tisa. Mbona hilo hamkulituma?"

Akina mama, neno lile lilituchoma kuliko matusi. Ni kweli, magoli tisa tulikuwa nayo kwenye simu, na tulichokituma ni anguko.

Lililotuuma zaidi ni kwamba tulijua. Tunaofanya kazi ya uuguzi tumefundishwa tangu chuoni kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mgonjwa, kumfunika shuka hata kwa sindano ya dakika moja, na kutotoa siri ya wodini. Mgonjwa asiye na fahamu naye hufunikwa. Jioni tukavua sare, tukaenda kiwanjani, na heshima ile tukaiacha imetundikwa msumarini pamoja na sare. Tulidhani kwa kuwa tunajitolea, na kwa kuwa nia yetu ni njema, kila kitu ni ruksa. Nia njema haimfuniki mtoto.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji uangalifu wa pekee. Lakini hata kusingekuwa na sheria, swali la yule mama lingetosha.

Tuliyoyapanga

Tuliketi na mwalimu wa timu, wazazi na mabinti wenyewe, tukapatana haya:

Mzazi atoe ruhusa kwa maandishi, na binti naye aseme ndiyo kwa kinywa chake. Mmoja wao akikataa, hapigwi, na haulizwi sababu.

Picha ya kuanguka, ya nguo iliyopanda, ya kulia au ya kuumia hufutwa palepale kiwanjani.

Binti aione picha yake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema "hii siitaki," inafutwa mbele yake.

Picha haiendi katika makundi ya simu. Inasafishwa, inapewa mwenyewe, na nakala moja inakaa katika albamu ya timu.

Picha ya kubandikwa hadharani isionyeshe jina la mtoto, shule yake, wala siku na saa za mazoezi. Si kila anayetazama ubao ana moyo safi.

Mpiga picha asiwe peke yake na mtoto, hata kama mpiga picha ni mama wa kanisa.

Kuhusu ile picha, tulimwendea kila tuliyejua ameipokea, tukamwomba aifute. Wengi waliifuta. Hatuwezi kusema imekwisha duniani, maana hilo hakuna awezaye kulisema. Mama mzee alikwenda na mzazi shuleni, na mwalimu wa malezi akazungumza na wanafunzi. Kila jioni mmoja wetu alipita kununua vitumbua, akamsalimu binti, akaondoka bila kumshurutisha.

Alirudi kiwanjani baada ya wiki sita. Alituamkia vizuri, akafunga kamba za raba zake, akaingia. Hadi leo ndiye mfungaji tunayemtegemea. Ila ruhusa ya picha hakutoa, nasi hatumwombi. Ukifunua albamu ya timu yetu utawaona wote, hadi muuza karanga, lakini yeye humwoni. Kwenye ukurasa wa mechi ile tumeacha nafasi tupu, na chini yake tumeandika tarehe na maneno haya: magoli tisa.

Mama msomaji, chukua simu yako sasa hivi. Tazama picha za watoto zilizomo, wa kwako na wa wenzio: aliye bafuni, anayelia, aliyelala hospitali na dripu mkononi. Jiulize, mtoto huyu akifika miaka 15 akaiona picha hii mikononi mwa wenzake, atanishukuru? Ile ambayo huna hakika nayo, ifute. Kisha utafute ile ya magoli tisa, kwa maana kila mtoto anayo, uisafishe na kuibandika ukutani sebuleni.

Na kama mtaani kwenu iko timu ya mabinti isiyotazamwa na mtu, nenda kaipige picha. Wanahitaji kuonekana. Uliza kwanza, halafu piga magoti.

Tukutane mwezi ujao. Mungu azilinde nyumba zenu.