WAUZA MECHI WAENDE JELA!

Ndugu wananchi, mtu akiiba kuku hapa Ludewa hupelekwa mahakamani. Lakini mtu akiuza mechi, akawaibia maelfu ya watu kwa dakika 90, huambiwa tu asiguse mpira. Je, hiyo ndiyo haki? Sisi twasema sivyo.

Tukumbuke Februari 2016. Katika Ligi Daraja la Kwanza, timu mbili ziligombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu. Siku ya mwisho Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa mabao 8 kwa 0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7 kwa 0! Aprili TFF ikazishusha timu zote nne, na Mbao ya Mwanza ikapanda. Vema. Lakini TFF haina jela. Adhabu yake huangukia jezi. Mwenye fedha hubaki akicheka.

Wako wanaosema, "Mchezo ni mchezo tu." Wanatudanganya! Njombe Mji ilipocheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18, mtu wa Manda aliyetaka kuiona alipaswa kuacha nyavu zake, apande milima mpaka Uwanja wa Sabasaba. Timu ikashuka, tukavumilia, maana kushindwa uwanjani si aibu. Aibu ni kuuzwa. Na leo, kamari ya simu ikiwa imefika hata vijijini, mnunuzi wa mechi ana faida kubwa zaidi.

Wenzetu wamekwisha amka. Sheria ya rushwa ya Afrika Kusini ya 2004 yaitaja michezo waziwazi. Oktoba 2019 mchezaji kriketi Gulam Bodi akahukumiwa miaka 5 jela. Uingereza, mwaka 2011, wachezaji watatu wa Pakistani walifungwa pamoja na wakala wao, na wakala ndiye aliyepata kifungo kirefu kuliko wote.

Sisi tunayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU iitumie! Na Bunge liliandike kosa hili kwa jina lake, liwe katika mpira, katika mashindano ya ngoma ya mganda au ya urembo. Mtoa fedha, awe nani ye yote, aadhibiwe kuliko kijana mwenye njaa aliyepokea.

Wanachama, lisemeni jambo hili katika matawi yenu. Mbunge wenu alisikie. Jasho la wananchi si bidhaa ya mnada!