Mchezaji Mmoja, Marais Wawili

Kumwigiza mfalme wa kale si kazi kubwa, kwani hakuna aliyemwona wa kuja kusema kuwa hakuwa hivyo. Taabu ni kumwigiza rais ambaye watu wangali wanaikumbuka sauti yake na hata namna alivyoshika sigara. Mchezaji wa Misri, marehemu Ahmed Zaki, aliibeba taabu hiyo mara mbili, tena kwa marais wawili ambao wafuasi wao hawapikiki chungu kimoja: Gamal Abdel Nasser na Anwar Sadat.

Picha ya kwanza, Nasser 56, ilitoka mwaka 1996. Iliandikwa na Mahfouz Abdel Rahman, ikaongozwa na Mohamed Fadel. Haisimulii maisha yote ya Nasser bali miezi michache ya mwaka 1956, Marekani ilipovunja ahadi ya fedha za bwawa la Aswan, naye akajibu, tarehe 26 Julai, kwa kuutaifisha Mfereji wa Suez. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kwa hivyo picha za habari za wakati ule zinapoingizwa ndani yake hazionekani kama kiraka.

Nasser alikuwa pandikizi la mtu, mabega mapana. Zaki hakuwa na umbo hilo, na nionavyo mimi hakujihangaisha nalo sana. Alichokamata ni ule utulivu wa mtu aliyekwisha kata shauri na hajamwambia mtu. Hunyamaza, huvuta sigara, humsikiliza waziri mpaka mwisho, kisha hujibu neno moja. Halafu inakuja hotuba ya Alexandria. Sisi tuliosomeshwa Kiarabu chuoni, kwa msahafu na nahau, tumezoea kudhani kuwa heba ya maneno ni ufasaha wake. Nasser alianza kwa fasaha, kisha akateremka mpaka Kiarabu cha sokoni, akifanya mzaha: kwamba alipoketi na Bwana Eugene Black, mkuu wa Benki ya Dunia, alihisi ameketi mbele ya Ferdinand de Lesseps, yule Mfaransa wa mfereji. Wasikilizaji wakicheka, kumbe jina hilo ndiyo ishara waliyokuwa wakiingoja redioni vijana waliotumwa kuzitwaa ofisi za kampuni. Zaki anateremka ngazi hizo za lugha moja moja, bila haraka. Hapo ndipo nilipoamini.

Sasa tuje kwenye rangi, jambo ambalo sisi wa pwani, tulio hodari wa kupimana nasaba, tungependa lipitwe. Mwaka 1983 Wamarekani walitengeneza picha ya televisheni juu ya Sadat, wakampa nafasi hiyo Louis Gossett, mchezaji mweusi mwenye sifa kubwa. Misri ikachafuka. Mwaka 1984 serikali ikaipiga marufuku, na pamoja nayo picha zote za kampuni ya Columbia. Sababu zilizotajwa ni makosa ya historia na kuvunjiwa heshima taifa, lakini mnong'ono uliokuwa nyuma yake ulihusu ngozi ya Gossett. Na Sadat mwenyewe, ambaye mamake alikuwa na asili ya Sudan, hakuwa mweupe!

Zaki naye, kijana wa Zagazig, alikuwa maji ya kunde iliyokolea. Ni habari mashuhuri kule kwao kwamba alipokuwa mchanga katika kazi alikuwa apewe nafasi kubwa katika Al-Karnak, picha ya mwaka 1975 iliyotokana na kitabu cha Naguib Mahfouz, akaenguliwa kwa sababu ya sura na rangi yake. Nafasi ikaenda kwa Nour El-Sherif. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mwanafunzi anayeteswa katika jela za enzi ya Nasser. Miaka ishirini na moja baadaye akatokea akiwa Nasser mwenyewe.

Siku za Sadat, iliyoongozwa na Mohamed Khan, ilitoka mwaka 2001, Zaki akiwa mmoja wa waliotoa fedha. Humu aliiga waziwazi: sauti, kiko, alama ya sijida kipajini, hata kicheko. Kuna waliosema amepita kiasi. Mimi sioni hivyo, kwani Sadat ujanani alitamani sana kuwa mchezaji wa kuigiza, na akiwa rais hakuiacha hamu hiyo. Kuigiza kwake bila madoido kungekuwa ndiko kumkosea.

Nitakalo kusema ni hili: mtu mmoja alitufanya tumpende yule, kisha tumpende huyu aliyeyapindua ya yule. Basi mapenzi yale tulimpa nani? Picha ya Nasser inafunga mlango mwaka 1956, na mwenye kuitetea atakwambia kuwa kunyongwa kwa Sayyid Qutb ni habari ya mwaka 1966. Kweli. Lakini katika kiangazi kilekile cha mfereji Qutb alikuwa tayari yuko jela, na wenzake wa Ikhwan walikuwa wamekwisha nyongwa Desemba 1954. Katika picha nzima sikuona hata kivuli cha lango la jela. Ukimya wa Zaki ulivyo mtamu, hatuulizi kuna sauti gani nyuma ya ukuta.

Niliitazama kwa kanda ya video pamoja na marehemu baba, aliyekuwa mmoja wa waliokesha wakisikiliza Redio Cairo kwa Kiswahili katika miaka ya 1950. Lilipofika lile bibi kizee, Amina Rizk, akimletea Nasser kanzu ya mzee wake aliyekufa akichimba mfereji, baba alivua miwani. Nasser alipopanda mimbari ya Al-Azhar, mabomu ya Waingereza na Wafaransa yakianguka, alilia.

Nikamwuliza, "Baba, na Sayyid Qutb?" Tafsiri yake ilikuwa pale rafuni, juu ya televisheni, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Rudisha nyuma kidogo, pale alipopanda mimbari."

Nikairudisha.