Usalama wa Taifa Si Siri ya Kambi

Neno "usalama" limewahi kuwafunga watu katika nchi hii. Mwaka 1966 Bunge lilibadili sheria ya usalama wa umma, Serikali ikaruhusiwa kumweka raia kizuizini pasipo mashtaka. Kwa nguvu hizo Kenneth Matiba na Charles Rubia walizuiliwa Julai 1990, walipodai vyama vingi. Uwezo huo uliondolewa mwaka 1997, lakini swali lingalipo: ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba taifa limo hatarini?

Ndugu msomaji, tazama maisha ya mwalimu mmoja. Michael Howard, Mwingereza, alipigana Italia katika Vita Vikuu vya Pili. Baadaye alifundisha King's College, London, akaanzisha huko Idara ya Masomo ya Vita. Mwaka 1976, yeye na Peter Paret walitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Carl von Clausewitz, jenerali wa Prussia aliyeshikilia kwamba vita ni chombo cha siasa, wala si bwana wake. Howard hakulifungia somo hilo kambini. Alilifundisha katika chuo cha kiraia, ambamo hata asiyevaa sare aliweza kuyapima maamuzi ya majenerali.

Nasi tunavyo vyuo. Chuo cha Ulinzi wa Taifa kilianzishwa mwaka 1997, na Chuo Kikuu cha Ulinzi wa Taifa kikapewa hati mwaka 2021. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010 chauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Mbunge atasimamiaje asichokielewa? Wakili atateteaje, na mchungaji ataonyaje?

Wako watakaosema kwamba adui atasikia. Mpango wa shambulio ni siri, nakubali. Sababu ya kuwapeleka vijana vitani si siri. Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011, waliokuja kuzika wana wao walikuwa wazazi wa kawaida. Hao wanastahili kujua.

Kwa hiyo mwalimu wa mikakati ya vita, awe katika chuo cha jeshi au cha raia, na awe huru kuhoji, na darasa lake liwe wazi kwa mwanasheria, mwandishi na mtu wa kanisa. Katika kitabu cha Ezekieli, watu wa nchi ndio wanaomweka mlinzi. Aliyewekwa na watu hana budi kuwajibu watu.