Mshahara Uliozidi si Bahati

Kila mwezi, ifikapo tarehe 28, mtumishi wa umma nchini Uganda hutazamia kuona mshahara wake umeingia benki. Malalamiko ya kawaida ni kwamba haukuingia, au umeingia pungufu. Hata hivyo hutokea pia, ingawa kwa nadra, kwamba umeingia zaidi ya unaostahili: daraja limeandikwa vibaya, posho imelipwa mara mbili, au aliyekwisha kuacha kazi hajaondolewa katika orodha ya malipo. Hapo huzuka swali ambalo katika vyumba vya walimu hujibiwa kwa kicheko: je, mwajiri aambiwe? Jibu linalopendwa na wengi ni neno moja tu: nyamaza. Makala haya yanalipinga jibu hilo.

Tuchukue mfano usio wa mbali. Tangu Julai 2022, mwalimu wa sekondari mwenye shahada anayefundisha sayansi katika shule ya serikali amewekewa mshahara wa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake mwenye shahada kama hiyo, anayefundisha Historia, Fasihi au Kiswahili, aliachwa akipata takriban robo ya kiasi hicho. Walimu waligoma Juni 2022 kwa ajili ya tofauti hiyo, na kinyongo chake hakijaisha. Sasa tuseme anayeingiza taarifa za mishahara amekosea, akamweka mwalimu wa Historia katika daraja la mwalimu wa Fizikia. Mwisho wa mwezi mwalimu huyo anakuta benki fedha ambazo hajapata kuziona. Ana karo ya watoto, ana kodi ya nyumba, ana mkopo wa chama cha akiba. Nani atathubutu kumwambia kwamba fedha zile si zake?

Mimi nathubutu, tena nikiwa mmoja wa hao walimu wa masomo ya sanaa. Hoja zinazotetea kimya ni tatu. Hakuna hata moja kati yake iliyo ya kijinga, kwa hiyo zote zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba kosa ni lao, si letu. Ni kweli kwamba mpokeaji hakuiba wala hakughushi. Lakini uzembe wa mtoaji haumbadilishi mwenye mali. Ukimpa mwenye duka noti ya elfu 10, naye kwa uchovu akakurudishia chenji ya elfu 50, hakuna mzee wa mtaa atakayehukumu kwamba chenji ile ni halali yako. Sheria inafuata akili hiyo hiyo. Mwaka 1841, katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari huko Uingereza, kampuni ya bima ilikuwa imemlipa mjane wa mteja wake, ikisahau kwamba bima hiyo ilikwisha kuvunjika kwa sababu mchango haukulipwa. Mahakama ilishikilia kwamba fedha iliyolipwa kwa makosa inaweza kudaiwa hata kama mlipaji alizembea. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, nasi tumo. Majirani zetu wameiandika waziwazi. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi kilicholipwa zaidi kwa makosa, ila makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Hoja ya pili ina uchungu zaidi: sisi ndio tunaowadai wao. Mwalimu aliyekaa miezi kadhaa bila kuingizwa katika orodha ya malipo, aliyepandishwa cheo bila kupandishiwa mshahara, anaona ziada ile kama sehemu ya malimbikizo yake iliyokuja kwa mlango wa nyuma. Namwelewa. Lakini deni halilipwi kwa siri. Anayejilipa mwenyewe bila hesabu amekwisha kuliharibu dai lake. Siku atakapopeleka madai ya malimbikizo, faili litafunguliwa, na karatasi ya kwanza kusomwa itakuwa ile ya ziada aliyoificha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mfanyakazi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya daftari hilo, kwa kuwa yeye ndiye anayepunjwa mara nyingi zaidi.

Tena walimu walipogoma hawakudai kwamba karani akosee. Walidai usawa, na kosa linalomnufaisha mtu mmoja halileti usawa kwa yeyote. Linampunguza tu mdai mmoja kutoka katika safu. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 40, inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma kwa kufuata sheria. Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 17, inamtwika kila raia wajibu wa kulinda mali ya umma na kupambana na rushwa na ubadhirifu. Hatuwezi kuisoma ibara ya 40 kwa sauti kuu mbele ya wizara, kisha tukaifumbia macho ibara ya 17 mbele ya dirisha la benki.

Hoja ya tatu husema kwamba serikali ni tajiri, hakuna atakayeumia. Anayesema hivyo hajui fungu la mishahara linavyofanya kazi. Wilaya hutengewa kiasi maalumu kwa mwaka, na kiasi hicho kina kikomo. Shilingi zinazomwendea asiyestahili hupunguza zile zinazosubiriwa na anayestahili: mwalimu mpya ambaye barua yake ya ajira imo mkononi lakini jina lake halijaingizwa, au muuguzi wa kituo cha afya anayeambiwa kila mwezi kwamba fungu limekwisha. Nchini Tanzania, msako wa mwaka 2016 uliwaondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha za malipo ya serikali. Tunapenda kudhani kwamba nyuma ya kila mfanyakazi hewa yuko mwizi mkubwa mwenye suti. Mara nyingine yupo. Lakini jina la marehemu haliwezi kuendelea kulipwa bila watu wengi wa kawaida kunyamaza, kila mmoja akijiambia kwamba si kazi yake kusema.

Je, kuna asiyepaswa kulaumiwa? Yupo, naye ni yule ambaye hakujua. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Halmashauri ya Avon dhidi ya mwalimu mmoja aliyelipwa malipo ya ugonjwa kupita kiasi, jumla ya zaidi ya pauni 1,000. Mwalimu aliamini kwa nia njema kwamba fedha zile ni stahili yake, akazitumia kama mtu anayetumia chake. Mahakama ikakataa kumwamuru arudishe. Angalieni basi nguzo ya ushindi wake ni ipi: nia njema. Aliyejua, akaficha, akatumia haraka ili asiulizwe, ameibomoa nguzo hiyo kwa mikono yake. Kimya kinachosifiwa kuwa ni ujanja ndicho kinachomnyang'anya mfanyakazi kinga yake bora kuliko zote.

Hata hivyo, wajibu huu una pande mbili, na upande wa mwajiri hauzungumzwi vya kutosha. Mfanyakazi anapotoa taarifa, asigeuzwe mshitakiwa. Asiamke mwezi unaofuata akute mshahara wote umekatwa pasipo barua wala maelezo. Apewe hesabu kwa maandishi na alipe kwa awamu anazozimudu. Hesabu yenyewe iwe ya haki: mwalimu yule wa Historia aliyezidishiwa shilingi milioni 3 hakupokea milioni 3 mkononi, kwa kuwa kodi ya asilimia 30 ilikwisha kukatwa. Kilichomfikia ni milioni 2 na laki 1. Zile laki 9 ziko kwa Mamlaka ya Mapato, na mwajiri azifuate huko. Serikali inayotaka wafanyakazi waseme mapema mshahara unapozidi, nayo iwahi kurekebisha unapopungua.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, ziada ikiingia, iacheni benki. Someni hati ya mshahara mstari kwa mstari. Andikeni barua kwa mwajiri kupitia kwa mwalimu mkuu, mkitaja mwezi, kiasi kilichoingia na kiasi mnachoamini ni stahili yenu, na nakala yenye mhuri wa mapokezi ibaki kwenu. Kama kuna malimbikizo mnayodai, yatajeni katika barua hiyo hiyo, hesabu zote mbili zikae mezani pamoja. Na jambo moja mlishike sana: msimrudishie mtu fedha mkononi. Ofisa anayepiga simu kusema kwamba amekosea, nusu mtumie yeye na nusu mbaki nayo, hajakosea hata kidogo. Huyo anatafuta mshirika. Fedha ya umma hurudi kwa akaunti ya umma, na risiti hutolewa.

Najua wapo watakaosema kwamba huu ni ushauri wa kuwatajirisha wenye nacho kwa jasho la wasio nacho. Nawajibu kwamba mwajiri dhalimu haogopi mfanyakazi mwenye siri, kwa sababu siri hiyo siku moja itakuwa kamba mikononi mwake. Anayemwogopa ni yule aliyerudisha shilingi isiyo yake kwa barua, kisha wiki ileile akaandika barua ya pili kudai iliyo yake.